Kupunguza midomo: kabla hujapanda basi la Dar

Kitu cha kwanza utakachokiona kwenye kioo baada ya kupunguzwa midomo ni midomo mikubwa kuliko ile uliyoichukia. Naanza na hili kwa sababu ndilo watu wasiloambiwa. Wanaonyeshwa picha mbili kwenye simu, ya kabla na ya baada, na katikati ya picha hizo kuna wiki na miezi ambayo hakuna aliyeipiga picha.

Mimi si daktari. Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno hapa Mbeya: napokea wagonjwa, naandaa vifaa, nasikia mengi ambayo daktari haambiwi. Pia nilimsindikiza mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kwenda Dar es Salaam kwa shughuli hiyohiyo, nikamuuguza mpaka akapona. Kwa hiyo wewe unayenivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, utadhani unaulizia ugonjwa wa aibu, majibu yangu ndiyo haya.

Sina ugomvi na anayetaka kupunguza. Mtu aliyetaniwa tangu darasa la kwanza mpaka ukubwani anajua anachokisema, na asiyewahi kuitwa jina la kejeli asimhubirie habari za uzuri wa asili. Ninachogombana nacho ni haraka. Watu wanauliza bei kabla hawajauliza kwa nini midomo yao ni mikubwa.

Wengi tumerithi tu, na hapo hakuna ugonjwa. Lakini wapo ambao midomo yao ni ya kawaida kabisa, ila meno na taya vimechomoza vikaisukuma nje. Mwangalie kwa ubavu, kisha mwambie afumbe mdomo: anakaza kidevu mpaka ngozi inakunjamana ndipo midomo ikutane. Huyo ukimkata umempunguzia kifuniko na kuyaacha meno palepale. Kufumba mdomo kutamshinda zaidi. Dawa yake mara nyingi ni vyuma vya meno, pengine na kung'oa meno machache, na hiyo ni kazi ya mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi. Najua haivutii kama habari ya kuingia asubuhi na kutoka mchana.

Kuna na wale ambao mdomo umevimba ghafla. Hapa kwetu mtu akiamka mdomo umejaa, maneno yanaanza: amelogwa, kaumwa na mdudu. Uliza kwanza anameza nini. Dawa za presha za kundi la enalapril, captopril na lisinopril zinaweza kuvimbisha midomo, ulimi na hata koo, na zinaweza kufanya hivyo baada ya mtu kuzitumia kwa miezi au miaka bila shida yoyote. Sisi watu weusi tumo hatarini zaidi kwa hilo. Uvimbe wa aina hiyo unaweza kuziba njia ya hewa, kwa hiyo mtu anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Rangi ya midomo usiyopatana nayo inavimbisha pia. Na ukiona uvimbe wa rangi ya zambarau uliokuwepo tangu utotoni, ukiubonyeza unanywea halafu unajaa tena, hayo huenda ni mafundo ya mishipa ya damu. Asiyejua akipitisha wembe hapo, damu yake si ya kuzuia kwa pamba.

Daktari ambaye hajakuuliza habari za meno, dawa unazotumia, makovu yako ya zamani na kama mdomo unaota vipele vya homa, halafu ameshakutajia tarehe, mwache. Vile vipele ni virusi vinavyojificha mwilini na huamka mdomo unapojeruhiwa. Akijua mapema anaweza kukupa dawa ya kuvizuia.

Sasa kisu chenyewe. Hiki ndicho watu wanachokiogopa, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Mara nyingi unachomwa ganzi ya mdomoni tu, uko macho. Kabla ya sindano daktari anakupima na kukuchora kwa wino, kwa kuwa ganzi ikishaingia mdomo unajaa na vipimo vinapotea. Anakata ukanda mwembamba upande wa ndani, karibu na pale ngozi kavu ya mdomo inapokutana na sehemu yenye mate, ili kovu lijifiche. Anatoa utando na nyama laini kidogo chini yake, msuli wa mdomo anauacha, anashona kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Kwa kawaida ni nusu saa hadi saa moja hivi, na jioni uko nyumbani.

Mkono wa daktari mzuri hapa ni mzito. Anakata kidogo kuliko unavyomwomba, kwa sababu iliyobaki inaweza kupunguzwa tena, iliyotupwa hairudi. Ukisikia anakuahidi midomo ya msanii fulani, jiulize anayapeleka wapi meno yako na pua yako. Tena mdomo wa chini kwa kawaida ni mnene kidogo kuliko wa juu; anayetaka vyote vilingane sawasawa atatoka na sura ambayo watu wataishangaa bila kujua kasoro iko wapi.

Halafu ndiyo unaanza ule muda ambao haumo kwenye picha. Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Mdogo wangu alijifungia chumbani akawa anawasiliana nami kwa ujumbe wa simu tu, ingawa tulikuwa nyumba moja. Hata salamu zilimshinda: jaribu kusema "kamwene" bila midomo kukutana. Mate yanakutoka, mdomo unavuta, sehemu nyingine husikii kitu. Baada ya wiki moja au mbili uvimbe mwingi umeshuka na nyuzi zimeanza kuanguka. Wengi hapo wanaweza kutoka nje bila kuulizwa maswali. Ganzi ya hapa na pale inaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi. Umbo lenyewe usilihukumu kabla ya miezi mitatu, na kwa wengine ni sita.

Ndiyo maana bibi harusi anayekuja wiki mbili kabla ya sendofu namrudisha nyumbani. Video ile itaangaliwa na ukoo mzima kwa miaka.

Kula si shida sana kwa mtu wa huku. Parachichi la Rungwe lililopondwa, mtindi, viazi laini, ndizi zilizoiva, uji vuguvugu. Nasema vuguvugu, na hapo ndipo watu wa baridi tunaposhindwa, kwa sababu tumezoea chai inayotoa moshi. Mdomo wenye ganzi unaungua na wewe huna habari. Acha pilipili, ndimu, karanga, mahindi ya kuchoma na miwa. Usinyonye kwa mrija. Sigara inachelewesha kidonda kupona, pombe nayo iache, na ndugu zangu wa Iringa, ulanzi ule mkangafu uchungulie tu kwa mbali. Lalia mito miwili. Sukutua kwa dawa uliyopewa, piga mswaki laini wa mtoto. Maumivu mara nyingi yanatulizwa na paracetamol. Aspirini usiiguse bila kuambiwa, inaendeleza kutoka damu.

Mimi nisingechagua Juni wala Julai. Upepo wa kipupwe wa Mbeya, Njombe na Makete unapasua hata midomo mizima, seuze wenye mshono. Ukilazimika, mafuta ya mgando yawe mfukoni kutwa.

Mambo yanayoharibika yapo: upande mmoja kubaki mnene kuliko mwingine, usaha, kovu gumu unalolisikia kwa ulimi, ganzi isiyokwisha, midomo kukatwa mno mpaka meno yanaonekana hata ukinyamaza. Makovu yale yanayokua ni nadra ndani ya mdomo, lakini kama sikio lako liliwahi kuota nundu baada ya kutobolewa, sema.

Sasa kuhusu hilo basi. Watu wanafunga safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar kabla hawajafika kliniki ya kinywa na meno ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambako angalau mtu angewaambia kama tatizo ni mdomo au ni meno. Anzia huko. Ukipewa rufaa, muulizie daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso, au wa upasuaji rekebishi, Muhimbili wapo. Hakikisha yumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye saluni, hata awe na kiti cha ngozi na taa kali, hana kibali cha kukukata.

Na usigeuze kurudi siku ya pili. Kushuka mlima Kitonga na kupanda tena, umekaa kutwa nzima kwenye kiti, mdomo umevimba, vumbi, na ukianza kutoka damu uko Mikumi: sioni sababu. Tafuta ndugu wa kukaa naye wiki nzima, uonwe tena na aliyekukata, ndipo urudi. Nauli, chakula, dawa na marudio hayo yaweke kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu NHIF, bima ya afya ya taifa, hailipii upasuaji wa urembo. Mdogo wangu aliweka akiba ya kisu peke yake. Wiki ile ya Dar tulichangishana.

Aliye chini ya miaka 18 angoje. Sura bado inakua, na huenda watani wenyewe wakahama shule. Na wewe unayejipima kwa picha za simu, nyoosha mkono kwanza: kamera ikiwa karibu na uso inakuza vilivyo katikati, pua na midomo. Siku hizi Ulaya na Marekani watu wanalipia sindano za kujaza midomo, na bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndonya kuipanua, kwa hiyo sijui nani aliteuliwa kutupangia kipimo.

Swali ninaloulizwa zaidi huwa la mwisho, mtu ameshashika kitasa cha mlango: je, watoto wangu watazaliwa nayo midogo? Hapana. Kisu hakifiki kwenye damu. Mtoto atakuja na midomo ya bibi yake wa Tukuyu, na kama hukumwambia mumeo, andaa maelezo.