Kipimo cha damu kabla ya mionzi ya nyonga

Nashukuru kwa habari hii ya watafiti wanaotafuta viashiria kwenye damu vya kujua mapema ni mgonjwa gani ataumizwa zaidi na mionzi ya nyonga. Nilimuuguza mama mdogo, alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Mionzi ilimponya, ila utumbo haukurudi kama zamani. Mpaka leo hapandi daladala kabla hajajua choo kiko wapi, na kwenye mkoba hakosi kanga ya akiba. Hakuna aliyemwambia kwamba damu kwenye choo inaweza kuanza miezi mingi baada ya matibabu kuisha. Alipoiona akaificha, akidhani saratani imerudi.

Kuna jambo ningependa lifafanuliwe. Sitrulini, moja ya viashiria vinavyopimwa kwenye damu, ni asidi amino inayotengenezwa na seli za utando wa utumbo mwembamba. Mionzi ikiziua, kiwango chake kwenye damu hushuka. Hicho ni kipimo cha jeraha lililopo sasa. Kumtambua atakayepata shida miaka ijayo ni kazi nyingine, ndiyo maana wapo wanaochukua damu kabla ya tiba na kupima jinsi limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zinavyokufa zikipigwa mionzi maabara.

Na jamani, kipimo kikipatikana kisije kikawa sababu ya kumpunguzia mtu dozi inayotibu. Kitumike kumpangia kliniki za karibu karibu. Kwa sasa, kumuuliza tu kila anapokuja, "Choo kinaendaje? Mkojo je?" kungewasaidia wengi, na hakuhitaji maabara.