Msimwite mvivu mtu aliyeishiwa hamu

"Anajiendekeza tu." Mjomba wangu alisemwa hivyo Jumapili kwenye kikao cha familia, mbele ya macho yake, naye akakaa kimya kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Mpaka leo nina hasira.

Mjomba alipata kiharusi. Mkono umerudi, mguu umerudi, presha imetulia, kwa hiyo ndugu wameamua kwamba amepona na sasa anadeka. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akigombana na mtaa mzima kwa ajili ya Simba! Siku ya mechi na Yanga redio ilikuwa pembeni yake, hakuigusa. Chai yake ikapoa mpaka ikafanya utando juu. Ukimuuliza kama ana huzuni anasema hana, na mimi namwamini.

Kiharusi kinaweza kuathiri njia za ubongo zinazomfanya mtu aanze jambo. Nguvu za kuinuka anazo, kinachokosekana ni ule msukumo wa kuinuka. Madaktari wanaijua hali hii, wanaiona pia kwa wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na wazee waliopoteza kumbukumbu. Kumkemea mtu wa namna hiyo ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake.

Sonona nayo ina mlango huohuo wa kuishiwa hamu. Dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, ambalo lipo hadi kwa Kiswahili, swali lake la kwanza halihusu machozi. Linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo. Huzuni inakuja kwenye swali la pili.

Haya, wanaodeka wapo, sikatai. Na mkewe amechoka kweli, yeye ndiye anayembembeleza ale, aoge, avae. Wanaomsema mjomba wangempokea zamu hata siku moja.

Jamani, acheni kumuuliza, "Unataka kutoka?" Huko kutaka ndiko kulikokufa. Mletee viatu, mshike mkono, mwambie, "Mjomba, twende kwa kinyozi." Kesho tena, saa ileile. Wengine wakisikia daktari wa akili wanawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, na kukataa papo hapo. Basi anzeni na huyuhuyu anayempima presha, ambaye hajawahi kuulizia kitu zaidi ya mkono na mguu. Kliniki ni Alhamisi. Nitampeleka mimi, na habari ya redio nitaisema kabla hawajamfunga kile kipimo mkononi.