Mteja Wangu Amelala

Wanaofundisha namna ya kukuza chaneli ya video huimba wimbo mmoja: chagua kajambo kadogo, kang'ang'anie, usiyumbe. Mimi nikachagua saa kuukuu za ukutani, zile za kengele na pendulo, kile kining'inio kinachobembea huku na huku. Kadogo kuliko hapo ningebaki na video za bawaba.

Kwa kuanzia niliazima saa ya mjomba iliyokuwa imekufa miaka mingi. Naweka kamera juu ya meza, nafungua skrubu, naeleza gurudumu hili lina meno mangapi na kwa nini. Siharakishi. Sauti yangu ni ya chini tangu kubalehe, na mke wangu alishaniambia kwamba nikimsomea hata risiti anasinzia. Niliona ananitania.

Kwa njia ya video ndefu, YouTube haikugawii mapato ya matangazo mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na watu wawe wametazama video zako kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Hizo saa 4,000 ndizo huwaliza wenzangu, maana mtazamaji wa kawaida hukaa dakika mbili akahama. Zangu zilikuja kwa fujo. Nilikuwa nimeunganisha vipande vyote vya kazi nikapata video moja ya saa 8, na grafu ilionyesha watu wanaianza na kuimaliza, bila kuruka wala kurudi nyuma. Nikajiona fundi wa maneno. Nilianza hata kutembea tofauti.

Kitu kimoja tu kilinitatiza: maoni hayakuwepo. Watu wanatazama saa 8 nzima na hakuna anayesema hata "asante". Mmoja tu aliandika, chini ya somo langu la Christiaan Huygens, Mholanzi aliyebuni saa ya pendulo mwaka 1656: "Ubarikiwe. Nakusikiliza kila siku na sijawahi kuvuka 1656."

Nilidhani anasifia kina cha somo.

Chaneli ilipokubaliwa, mdogo wangu akaja na kompyuta yake. "Kaka, video ikifika dakika 8 unaruhusiwa kuchomeka matangazo katikati. Yako ina saa 8. Umekalia mali." Akachomeka. Alichomeka kwa moyo wote, na mimi nikimwangalia nikipiga hesabu ya asilimia 55 ambayo ni ya mwenye video.

Asubuhi maoni yalikuwepo. Tele.

"Nimeamshwa na mwanamke anapiga kelele kuhusu sabuni. Mume wangu yuko sakafuni." "Mtoto nilimbembeleza mpaka mkono ukafa ganzi. Mungu anakuona." "Sina ugomvi na matangazo, lakini hili lina tarumbeta." Na yule wa Huygens: "Leo nimefika 1657. Sijafurahi."

Ndipo nilipoelewa. Mtu mmoja akilala usingizi kamili mbele ya video yangu ananipa saa 8. Watu 500 wakilala hivyo usiku mmoja, hizo ndizo saa 4,000. Sikuwa na wanafunzi wa ufundi saa. Nilikuwa na bweni.

Mdogo wangu akatoa matangazo ya katikati, akabakisha moja la mwanzoni, kabla jicho halijafumba. Mapato yakanywea. Tukasema basi tutafute mdhamini, na akapatikana muuza bisibisi ndogo za mafundi, mtu makini, aliyevutiwa na ile grafu. Akanipa neno la siri la kupata punguzo, nilitaje kwenye dakika ya 12, yeye atahesabu wangapi wamelitumia.

Hakuna aliyelitumia. Hata mama yangu, ambaye huniunga mkono katika kila kitu, hakufika dakika ya 12.

Mdhamini akapiga simu. Kwa adabu kabisa akauliza kama watazamaji wangu ni binadamu, au nimenunua zile namba za kutengenezwa na mashine. Nikaapa ni binadamu. Nikamwalika kwenye kipindi changu cha mubashara ajionee. Akaingia, nikaanza kusafisha gurudumu, namba ya watazamaji ikapanda vizuri. Nikamkaribisha kila mtu aulize swali. Kimya. Nikauliza wangapi wana bisibisi nyumbani. Kimya. Nikawaomba waandike tu neno "nipo". Baada ya muda mrefu ukaja ujumbe mmoja: "mmmmmmmmmmmnnnnnnnnnnnj".

"Ameona?" nikamnong'oneza mdogo wangu.

"Nani?"

"Mdhamini! Hilo ni shavu la mtu limeangukia simu. Mashine haina shavu!"

Mdhamini aliandika kesho yake. Alikubali kuwa ni binadamu. Aliongeza kwamba kampuni yao inauza bisibisi, haiuzi mito.

Kilichotuokoa ni uanachama: mtu analipa kila mwezi, na asilimia 70 inakuja kwako baada ya kodi na makato. Fedha ya matangazo hupanda na kushuka itakavyo, lakini mwanachama aliyelala halafu akasahau kuwa analipa ni nguzo ya biashara. Niliwaahidi video zisizo na mdhamini wala kupandisha sauti. Walijiunga kwa wingi, tena mchana, wakiwa macho. Kwa mara ya kwanza nililipa bili ya intaneti kwa fedha iliyotokana na intaneti.

Kisha saa ya mjomba ikapona. Ilikuwa mubashara, usiku wa manane, nimeweka tone la mafuta kwenye ekseli ya mwisho, pendulo ikaanza kucheza yenyewe, nikakaribia kulia. Ikagonga. Mara 12.

Sitarudia niliyoandikiwa. Wanachama walijiondoa huku kengele bado inalia. Nikaitisha kura: mnataka nini? Jibu likawa moja, kutoka karibu kila mlipaji: ifungue tena, na safari hii usifike mwisho.

Nikaifungua.

Bahati mbaya habari za kupona zilikuwa zimemfikia mjomba, naye akaja kuichukua. Akaikuta imetandazwa mezani, vipande vyote, na mimi napangusa jino moja moja chini ya taa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeambiwa imepona."

"Ilipona. Tukairudisha."

Nikamweleza yote, nikamfungulia na ukurasa wa mapato. Akavaa miwani. Alisoma polepole kuliko ninavyoongea.

"Ikibaki mbovu inalipa?"

"Inalipa mjomba."

"Na mwenye saa ni nani?"

Tulijadiliana mpaka jioni, tukakubaliana kwenye theluthi. Tangu siku hiyo hanisumbui tena kuulizia saa yake, ila hunipigia kunionya: "Jana nimekuona ukikaza skrubu mbili mfululizo. Angalia usije ukajisahau." Na juzi amekuja na saa nyingine kwapani, ile ya chumbani kwake, inayokwenda bila kukosea hata dakika.

"Hii haina tatizo lolote," akasema, akiilaza mezani. "Ifungue taratibu, tatizo litapatikana."