Nilivyomtukana Mama Mkwe kwa Kilatini

Mimi nina ugonjwa mmoja: nikijua jambo, silali mpaka nimemwambia mtu. Mke wangu alishanionya kwamba ugonjwa huu utanitia aibu ukweni. Nikamjibu kwamba ukweni wananiheshimu kwa sababu hiyo hiyo.

Ilikuwa Idi pili, tumekwenda Tanga kwa wakwe. Mama mkwe akatoka chumbani na dera jipya la zambarau, shingoni limetiwa shanga, moshi wa udi unamtangulia. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya Kiingereza. Akamtazama bibi yake juu mpaka chini akasema, "Bibi, you look nice!"

Kiingereza cha mama mkwe ni cha kuhesabu kwa vidole, lakini "nice" anaijua. Alifurahi huyo! Jirani kaja na sahani ya vileja, kaambiwa: "Mjukuu wangu kasema niko naisi." Muuza ubuyu kapita, naye kaambiwa. Mpaka saa saba mchana, wanaume tumekaa mkekani tumezunguka sinia la pilau, mtaa mzima una habari.

Hapo nilitakiwa kula tu. Bahati mbaya, wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesoma asili ya maneno ya Kiingereza, na hilo ndilo nililolikariri kuliko yote.

"Mama," nikaanza, na mke wangu aliyekaa nyuma yangu akanifinya mgongo, "hilo neno lina historia. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, kiasi cha mwaka 1300. Wafaransa nao walilitoa kwenye Kilatini, nescius. Ne ni 'si', scire ni 'kujua'. Asiyejua! Zamani ukimwambia mtu yuko nice, umemwita mjinga."

Upawa wa mchuzi uliokuwa unakuja upande wangu wa sinia ukasimama hewani. Tone moja likadondoka mkekani.

"Mjinga," akasema mama mkwe, taratibu, kama anayeonja chumvi.

"Zamani, mama! Baadaye likageuka. Likawa mtu wa kuchaguachagua, wa kujidekeza. Halafu likawa kitu kilichopimwa kwa makini sana. Karne ya 18 ndipo likawa hili la kupendeza."

Kufika kwenye "kujidekeza" nilishajua nazama. Ila ulimi wangu ukishika njia hauna breki.

Aliyenimaliza ni mwanangu. Shuleni kwao wako kwenye vinyume, akauliza, "Kwa hiyo kinyume chake nini, baba?"

Mwenye akili zake angejibu "nasty", kibaya, yakaisha. Mimi nikaona hapa ndipo pa kujikomboa. Liko neno jingine lililosafiri barabara hiyo hiyo, ila lenyewe lilikuwa linashuka wakati "nice" inapanda. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa la mtu mwenye heri, aliyebarikiwa, na Wajerumani mpaka leo wana selig yao yenye maana hiyo. Kwa Waingereza likaporomoka: mwenye heri akawa mnyonge wa kuhurumiwa, mnyonge akaishia kuwa mpumbavu. Sasa, mtu angeanza na maelezo haya, kisha alitaje neno lenyewe. Mimi nilianza na neno.

"Mama," nikasema kwa sauti ya hotuba, mkono kifuani, "you are silly!"

Shemeji mkubwa alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikakoma katikati ya ganda. "Shemeji, umemwambiaje mama?"

"Silly, yaani mwenye he..."

"Nimefanya kazi bandarini miaka ishirini na mabaharia wa kila taifa. Sijaona aliyeniita silly akimaanisha nina heri."

Nikakimbilia Ufaransa. Nikasema kuna mji kule unaandikwa Nice vilevile, ila jina lake halina undugu na ujinga, limetoka kwa Wagiriki, ndani yake mna ushindi, na pengine mwanangu alikusudia...

"Shemeji, kula."

Nikala. Upawa ulikuwa umesharudi chunguni. Mama mkwe akakwangua sufuria ya pilau, akanimwagia ukoko upande wangu, nyama yote ikaenda kwa shemeji. Mke wangu amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Jioni tukaaga. Nikaenda kwa mama mkwe nimeinama, maneno ya kuomba radhi nimeyapanga, yote ya Kiswahili kitupu. Hakuyangoja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, anatabasamu.

"Nendeni salama, mkwe wangu. Wewe mkwe naisi sana."

Nikashusha pumzi. Tukaingia kwenye bajaji, dereva akawasha. Mama mkwe akasogea, akaingiza kichwa ndani.

"Naisi ile ya Kilatini."