Watakatifu Walipohesabiwa Taka

Kompyuta ya ofisi ya parokia yetu haina dini. Nalisema mapema kwa sababu wapo waumini wanaoamini hadi leo kwamba ilirogwa, na mzee mmoja wa halmashauri ya walei alipendekeza inyunyiziwe maji ya baraka. Paroko alikataa. Alisema maji na umeme havipatani, yawe yamebarikiwa au hayajabarikiwa.

Mimi ndiye karani. Naandika vyeti vya ubatizo na matangazo ya Jumapili, lakini kazi kubwa ni hesabu za jumuiya ndogo ndogo: nani katoa zaka, nani anadaiwa mchango wa ukumbi, nani aliahidi simenti mbele ya Askofu kisha akahamia jumuiya ya jirani. Kila jumuiya ina folda yake, na folda ina jina la msimamizi wa jumuiya. Mtakatifu Rita, Mtakatifu Monika, Mtakatifu Yuda Tadei, na jeshi lote la mbinguni kwa mpangilio wa alfabeti.

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yetu, tulitengenezewa na kijana wa kwaya, sauti ya nne, ambaye sasa yuko chuoni Dodoma. Tunamwita Fundi. Alitumia programu ya rsync. Kila siku saa saba mchana, nikiwa nimekwenda kula, kompyuta inafungua folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo kwenye diski ya nje. Faili ambalo halijabadilika halinakiliwi upya, linaunganishwa tu na lile la jana. Ukifungua folda ya leo unakuta kila kitu kimo, kumbe nafasi iliyoliwa ni ya vilivyobadilika peke yake. Mwezi ukipita, folda ya zamani inajifuta. "Dada, diski hii itakuzika," aliniambia.

Ilijaa baada ya Noeli.

Sababu ni kwamba mimi sifuti kitu. Nisichokitaka nakitupia folda inayoitwa "taka". Ilipojaa nikafungua "taka 2", halafu "taka mpya", halafu "picha za taka", ambamo mlikuwa na video zote za mkesha na zile picha za njiwa na maua ambazo wanakwaya huitumia namba ya ofisi kwa WhatsApp kila alfajiri. Paroko alipoziona ndani ya bakapu alishika kiuno. "Taka zina haki gani ya uzima wa milele? Mpigie Fundi."

Tulimpata akiwa kwenye daladala. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina, Baba." Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, yeye akinisomea. Niongeze neno la kuacha vitu nje, kisha taka, kisha alama ya nyota (*). "Nyota ni chochote kinachofuata, Dada. Itabeba taka 2 na taka mpya."

Hapo tungesimama, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Paroko alikuwa ameinama begani kwangu. "Na picha za taka je? Hapo neno limekaa mwisho."

Kukawa kimya. Tulisikia konda akiita kituo.

"Basi weka nyota na mbele, Baba. Ila Dada, usisahau alama za kufungua na kufunga usemi! Usipoziweka, nyota italiwa njiani kabla rsync haijaiona!"

Ni kweli. Bila alama hizo, dirisha jeusi lenyewe linaweza kuigeuza nyota kuwa majina ya mafaili liliyoyakuta hapo, na amri ikawa uji. Kwa hiyo tuliilinda nyota kwa uangalifu mkubwa, Paroko akihakiki kwa miwani:

--exclude '*taka*'

Chochote, taka, chochote. Msomaji mwepesi ameshaona. Sisi tulikuwa watu watatu, mmoja wetu ana shahada ya uzamili ya teolojia, na hatukuona.

Kesho yake bakapu ilimalizika upesi kuliko siku zote. Paroko akaninunulia soda. Folda za kila siku ziliendelea kujipanga, na zile za Desemba, zilizokuwa na kila kitu, zikaondoka moja moja kadiri mwezi wake ulivyotimia.

Ilipofika Kwaresima mvua ikanyesha, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi na nguvu ambazo hakuna aliyeziomba. Diski ya ndani ya kompyuta ikagonga gonga, ikanyamaza. Nilikuwa mtulivu kiasi cha kuudhi. Nilimwambia Paroko, "Baba, tuna bakapu," kwa sauti ya mwanamke mwenye bakapu. Diski mpya ikafungwa, mafaili yakarudishwa, nikafungua folda ya Jumuiya.

Zilikuwemo folda nne. Bikira Maria wa Fatima. Familia Takatifu. Mashahidi wa Uganda. Mwenyeheri Anuarite.

"Wengine wako wapi?" Paroko aliuliza.

Rita hayupo. Monika hayupo. Antoni wa Padua, ambaye sisi Wakatoliki tunamwomba atutafutie vilivyopotea, amepotea na yeye. Karoli Lwanga hayupo, ingawa Mashahidi wa Uganda wapo. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu kwa pamoja, Lwanga na wenzake 21, tarehe 18 Oktoba 1964, na kompyuta yetu ikawatenganisha mchana mmoja wakati mimi nakula wali maharage. Hata novena ya Roho Mtakatifu ilikuwa imeondoka.

Tukampigia Fundi. Alinyamaza, akaniomba nimsomee ile amri herufi kwa herufi, kisha akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa amejikaza. M, kisha taka, kisha tifu. Nyota ya mbele imeimeza M, nyota ya nyuma imeimeza tifu. Familia Takatifu imepona kwa sababu ya T kubwa, maana rsync haichukulii herufi kubwa na ndogo kuwa kitu kimoja. Na Anuarite? Mtawa huyu aliuawa Isiro, Kongo, mwaka 1964. Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa mwaka 1985. Mwenyeheri. Hajafika kwenye utakatifu, na ndiyo pona yake.

Paroko alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo kwenye mashine hii, ili uokoke inabidi usiwe mtakatifu."

"Au uanze na herufi kubwa, Baba," Fundi akasema kwa adabu.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi hadi inatia hasira. Taka zangu zote nimeziweka ndani ya folda moja, na amri sasa inasema '/taka/'. Mkwaju wa mbele maana yake ni hapa juu tu, usiende kutafuta kwenye folda za ndani. Mkwaju wa nyuma maana yake ni folda, si faili. Tena hata bila mikwaju, neno taka likiwa peke yake lisilo na nyota halingemgusa mtakatifu yeyote, kwa sababu linadai jina zima liwe taka, si kipande cha jina. Fundi akatuambia pia kwamba ukiweka -n pamoja na -v, rsync inakuorodheshea ingenakili nini, bila kunakili chochote. Paroko alimuuliza kwa nini hakuyasema hayo Januari. Akasema kituo chake kilikuwa kimefika.

Jumapili ikatangazwa kwamba hesabu za jumuiya zimepotea, isipokuwa nne. Wiki ile hakukuwa na mtakatifu aliyedaiwa. Wenyeviti walikuja ofisini mmoja mmoja, nyuso zimetakata, kila mmoja ameshalipa. Mwenyekiti wa Yuda Tadei, ambaye ahadi yake ya simenti ina umri wa kupata Komunyo ya Kwanza, alieleza kwamba mifuko ililetwa usiku ndiyo maana hatukuiona. Ikabidi nirudi kwenye vishina vya stakabadhi, kitabu kwa kitabu, vingine vimetafunwa na panya hasa kwenye tarakimu. Kwaresima yangu yote iliishia stoo.

Waliopona ndio walionuna. Madeni yao yalikuwa yameng'aa ukutani, yamechapwa, na mhuri juu. Jioni moja mama mwenyekiti wa jumuiya ya Mwenyeheri Anuarite aliingia, akafunga mlango, akaketi, akajitanda kanga vizuri.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu."

"Milele amina, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hivi Anuarite atatangazwa lini mtakatifu?"

"Hiyo ni kazi ya Roma, mama."

"Roma naijua." Akaitupia jicho kompyuta, akashusha sauti. "Nasema humo ndani. Mtangaze wewe, mpaka Pasaka tu."