Mwalimu Mgeni, Mwanafunzi Mwenyeji

Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliandika kwamba watoto waliozaliwa katika enzi ya kompyuta ni wenyeji wa ulimwengu huo, na walimu wao ni wahamiaji. Kwa hiyo mwalimu ndiye abadilike.

Kuna ukweli hapo. Mtoto wa Kisauni, hapa Mombasa, aliyeona volkano ikilipuka kwenye simu ya mamake hatashikwa na mchoro wa chaki. Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutumika Kenya nzima 2019, unauhesabu ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa msingi. Mwalimu anayesoma daftari la zamani huku darasa zima likinakili anawapotezea watoto muda, na sitamtetea.

Lakini wenyeji kwa lipi hasa? Mwulize mwanafunzi habari aliyoinakili kwa kazi ya ziada iliandikwa na nani, lini. Hajui, alichukua jibu la kwanza lililomjia. Wepesi wa vidole haujamfundisha kushuku. Hapo mgeni njoo, mwenyeji apone: aliyejifunza kusoma kabla ya intaneti ana mazoea ya kukaa na ukurasa mmoja mpaka aumalize, na mtoto huyu hajayapata popote.

Jioni mtoto huyohuyo huenda madrasa. Huhifadhi, kisha huketi mbele ya mwalimu amsomee peke yake, na herufi ikiteleza husahihishwa papo hapo. Siku hizi kukariri kunabezwa kwamba kila kitu kimo simuni. Sikubali. Asiye na jedwali la kuzidisha kichwani hatatambua mashine inapomdanganya.

Tatizo letu ni kuanza na vifaa. Kompyuta ziliahidiwa 2013, vishikwambi vikaja 2016, na katika shule nyingi vikaishia kabatini. Mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, ilifika nchi kavu papa hapa Mombasa mwaka 2009, ilhali shule zilipofungwa Machi 2020 mtoto wa Likoni asiye na bando alikaa bila somo, wengi hadi Januari 2021. Sweden, yenye kila kifaa, ilianza 2023 kurudisha vitabu vya karatasi darasani. Hatuna haja ya kuwaiga kwa hilo pia. Vitabu vyenyewe hatujavitosheleza.

Ninachotaka kinahitaji simu moja tu, ya mwalimu. Aulize: Fort Jesus ilijengwa lini? Watoto wafungue kurasa tatu. Moja itasema 1593, nyingine 1596. Asiwaambie ipi ni sahihi. Awaache wabishane, watafute, mpaka mmoja agundue kwamba huo wa kwanza ni mwaka Wareno walipoanza kujenga, na wa pili ni walipomaliza.