Eti mi lumpeni

Jamani mi nanoa visu huku Ngamiani, Tanga mjini, nina baiskeli yangu nimefunga jiwe, nakanyaga pedeli jiwe linazunguka cheche zinaruka, mwaka wa kumi na tisa huu. Kisu mia tano, panga elfu, mkasi wa fundi cherehani tunapatana. Sijawahi kuiba hata ndimu. Sasa juzi mpwa wangu karudi likizo, chuoni anasoma mambo ya siasa, kakalia ndoo yangu, kaninywea kahawa na kashata zote mbili, halafu ananambia kwa upole kama daktari anayekupa majibu, "mjomba, kitaalamu we ni lumpeni."

Nkajua tusi, na mkononi nna kisu cha watu. Akasema tulia mjomba, lumpenproletariati, neno la Karl Marx hilo, yule Mjerumani mwanafalsafa wa ukomunisti. Akafungua simu akanisomea, kumbe mzee kaandika 1852 habari za Ufaransa, za Louis Bonaparte aliyepindua serikali, kwamba waliombeba ni malumpeni wa Paris, akawataja: waliotoka jela, wezi wa mifukoni, wacheza kamari, wenye madanguro, wachukuzi, waokota matambara, WANOA VISU, mafundi wa kuziba sufuria, ombaomba. Yani mi na mwenye danguro foleni moja! Huyu mzee sijui nani alimharibia kisu.

Nkauliza kwa Kiswahili ndo nini. Hapo balaa likaanza, maana wenyewe wasomi hawaelewani, wengine wanasema kwa Kijerumani lumpen ni matambara, kwa hiyo ni maskini aliyechakaa tu, wengine wanasema hapana, linatoka kwenye lump, yani mhuni, mtu wa ovyo. Sasa tambara ninalo, hili hapa la kufutia visu, nakubali. Uhuni nakataa. Zaidi ya miaka mia na sabini watu na digrii zao hawajajua kama wananihurumia au wananitukana.

Nkamuuliza na babu yangu je, aliyekuja Tanga manamba kukata mkonge? Akasema aa, yule proletariati safi kabisa, yani mfanyakazi anayeuza nguvu zake kwa mshahara. Kwa hiyo babu aliyechomwa na miiba huku nyapara kamsimamia kichwani kapanda cheo, mi ninayejiamulia saa ya kufunga nimeshuka.

Kuona nimenuna akanipoza, eti kuna Frantz Fanon, mtu wa Martinique, alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili Algeria, yeye 1961 kageuza kibao, kwamba walumpeni wa makoloni, wale waliotoka vijijini wakajazana pembezoni mwa miji, ndo ncha ya mkuki wa mapinduzi. Haya, kutoka kibaka mpaka kamanda na kikombe cha kahawa hakijapoa. Ila huyo Fanon akaonya kwamba mkoloni anaweza kuwanunua. Anunue basi, toka asubuhi nimenoa visu viwili.

Nkamnyang'anya simu nisome mwenyewe ile orodha. Mbona kuna kitu kakiruka? Waandishi! Wamo, pale pale karibu na sisi. Na huyu mtoto kutwa yuko kwenye simu anaandika mashairi ya mapenzi. Na Marx mwenyewe alikuwa anakula kwa nini, si kuandikia gazeti la Marekani? Akababaika, "mjomba hao wamekusudiwa waandishi uchwara." Nkamwambia na mi basi wamekusudiwa wanoaji uchwara.

Akacheka, akatoa kwenye begi kisu cha jikoni, mama kakituma kinolewe. Nkakinoa mpaka kinakata unywele. Nkamwambia mia tano.

"Mjomba, hata sisi ndugu?"

"Kitaalamu," nkamwambia, "mi ni mhuni. Toa hela."